Vazi la Mwanamume na Maswali Yake

Kati ya vinyago vya Wamakonde kipo kimoja kisichovaliwa usoni. Ni gamba la mti mwepesi lililochongwa kwa umbo la kiwiliwili cha mwanamke, lenye matiti, tumbo la ujauzito na kitovu kilichojitokeza, na mara nyingi lina nembo kama zile walizochanjwa kina mama wa zamani. Mchezaji hulifunga kifuani, akafunika sehemu nyingine zote za mwili kwa nguo, akavaa na kinyago cha uso wa kike, kisha akaingia uwanjani kwa mwendo wa mjamzito. Mchezaji huyo ni mwanamume. Kwa desturi hawezi kuwa mtu mwingine, maana mambo ya vinyago ni siri ya waliopita jandoni.

Je, hilo ni vazi la kike au la kiume?

Swali linaweza kuonekana la kijiweni, la kupitishia muda wakati kahawa inapoa. Kumbe wapo watu wanaolipwa mshahara wa chuo kikuu kwa kuliuliza. Ni wahadhiri wa ubunifu wa mavazi waliobobea katika nguo za kiume na kuzichunguza kwa upande wa jinsia: nani aliamua kwamba hii ni ya wanaume, aliamua lini, nani alinufaika, na humpata nini anayekiuka. Leo utamkuta msomi wa namna hiyo karakana, mkasi mkononi, akiwaonyesha wanafunzi kwa nini bega la koti hukaa au hukataa kukaa. Kesho yuko kwenye nyaraka za zamani akisoma orodha za maduka na barua za wamisionari. Katika vyuo vingi vya sanaa, kupanda kwake cheo hakutokani na makala pekee. Maonyesho ya nguo alizobuni nayo huhesabiwa kuwa utafiti, mradi aeleze zimejibu swali gani.

Taaluma yenyewe bado changa. Jarida la Fashion Theory, ambalo wengi wao huandikia, lilianzishwa mwaka 1997 na Valerie Steele wa New York. Kabla ya hapo nguo za wanaume ziliandikwa kwa hoja moja iliyokaririwa sana, ya mwanasaikolojia J. C. Flügel. Mwaka 1930 alidai kwamba wanaume wa Ulaya waliachana na mapambo kuelekea mwisho wa karne ya 18, wakavaa suti nyeusi na kuwaachia wanawake urembo. Mwaka 1999 Christopher Breward akajibu kwa kitabu The Hidden Consumer. Alionyesha kwamba wanaume wa London wa miaka ya 1860 hadi 1914 walikuwa wanunuzi wa mitindo sawa na wake zao, ila hawakupenda ijulikane. Katikati yao yupo Raewyn Connell wa Australia, ambaye kitabu chake Masculinities cha 1995 kilieneza wazo kwamba uanaume si wa aina moja. Upo wa tajiri na wa kibarua, upo unaoheshimiwa na unaodharauliwa, nao hushindana.

Hoja ya Flügel ikisomwa Newala, kusini mwa Tanzania, inachekesha kidogo. Mwanamume wa Kimakonde wa zama hizo hakuacha mapambo yoyote. Alichanjwa nembo usoni na kifuani, alichonga meno, na mwili wake uliokamilika ulikuwa vazi la kwanza kabla hata hajafunga nguo.

Ajabu ni kwamba utafiti wa mavazi Afrika Mashariki umeegemea mno upande wa wanawake. Kanga imeandikiwa vitabu, buibui na sketi fupi vile vile. Nguo za wanaume zimepita kama vitu visivyohitaji maelezo. Ukitaka kuona pengo hilo lilivyo kubwa, na lilivyo na utajiri ndani yake, Masasi na Newala ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kabla ya vitambaa vya dukani watu wa kusini walivaa nguo za magome ya miti. Karne ya 19 misafara ya Wayao iliyopeleka pembe za ndovu na watumwa Kilwa ilirudi na vitambaa, na miongoni mwake ile pamba ngumu iliyofumwa Marekani na kuitwa merikani. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonyesha katika Domesticating the World (2008) kwamba wafanyabiashara wa Salem, kule Massachusetts, hawakuweza kuuza chochote walichotaka. Iliwalazimu kufuata matakwa ya wanunuzi wa bara, maana kitambaa cha upana usiopendwa au rangi iliyopitwa na wakati kilidoda. Yaani mitindo ilikuwepo, na ilitawaliwa na mteja wa porini ambaye vitabu vya zamani vilimwita mshamba.

Kisha mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar hadi Masasi, wakaweka makazi chini ya milima ya mawe. Hapo ndipo nguo za kiume zinapopata historia nzito. Laura Fair, katika utafiti wake wa mavazi ya Zanzibar uliochapishwa mwaka 1998, ameeleza kwamba mtumwa mwanamume hakuruhusiwa kufunika kichwa. Kofia na kanzu vilikuwa alama za muungwana. Utumwa ulipopigwa marufuku visiwani mwaka 1897, waliokuwa watumwa walikimbilia kuvaa vitu hivyo hivyo, na kanzu jeupe likawa tangazo ambalo kila mpita njia aliweza kulisoma. Watu wa Masasi walitoka katika dunia hiyo. Nguo kwao ilihusu hadhi kabla ya kuhusu dini.

UMCA nayo ilikuwa na msimamo wake. Tofauti na misheni nyingine, haikupenda waumini waige mavazi ya Kizungu, na ikaona kanzu linafaa zaidi. Matokeo yake ni kwamba vazi ambalo pwani lilimtambulisha Mwislamu lilivaliwa pia na mwalimu wa Kikristo. Uislamu nao ulienea kwa kasi katika wilaya hizi mwanzoni mwa karne ya 20, na kanzu likawa la wote. Wamisionari walidhani wanahifadhi Uafrika. Vijana wengi, kwa upande wao, walikuwa wakiitazama suruali.

Shahidi mwingine ni Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijazimika kote, alipita Masasi na Newala na kamera, fonografu ya kurekodi na mashine ya sinema. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka uliofuata. Picha zake zimetumika zaidi kwa ajili ya ndonya za kina mama wa Kimakonde, lile pande la mti lililotoboa mdomo wa juu. Mtafiti wa nguo za kiume atazitazama kwa jicho jingine. Atawatafuta wapagazi, askari, wanyampara na majumbe, aone nani kavaa koti juu ya shuka, nani ana kofia ya tarbushi, nani ana kitambaa kiunoni tu, na aulize kwa nini Mzungu yule hakuandika mengi juu yao.

Ipo habari moja ya Newala isiyohusu nguo lakini inayogeuza somo zima. Ni maji. Mji upo ukingoni mwa uwanda wa juu usio na mito, na Weule aliona wanawake wakishuka genge refu hadi bondeni na kupanda tena na mitungi. Mpaka ulipojengwa mradi wa maji wa Makonde katika miaka ya 1950, na kwa vijiji vingi hata baadaye, ndoo moja ilikuwa na thamani ya safari. Sasa mfikirie bwana mmoja wa Newala anayekwenda msikitini Ijumaa, au kanisani Jumapili, na kanzu jeupe lisilo na doa. Weupe ule haukutoka kwake. Ulitoka miguuni na kichwani pa mkewe, mama yake au binti yake, aliyeteka maji ya kulifua badala ya maji ya kupikia. Heshima ya mwanamume ilifuliwa na mwanamke. Hilo si tusi kwa kanzu. Ni swali la kitaaluma: vazi linaposemwa kuwa la kiume, kazi iliyolifanya livalike tumeihesabu wapi?

Vita Kuu ya Kwanza ilileta sare. Wareno waliiteka Newala mwishoni mwa 1916 kabla Wajerumani hawajawatimua, na mwaka uliofuata jeshi la kamanda wao Lettow-Vorbeck likapita kusini likirudi nyuma kuelekea Ruvuma. Tarehe 25 Novemba 1917 lilivuka mto na kuivamia ngome ya Wareno huko Negomano. Askari waliokuwa wamebaki na matambara wakavaa sare za adui na kuendelea na vita. Ni mfano mzuri kwa darasa la ubunifu, kwani sare inadaiwa kuonyesha mtu ni wa nani, na hapo ilionyesha tu nani kashinda asubuhi ile.

Baada ya vita sare ikahamia ngomani. Beni, iliyozaliwa Lamu na Mombasa miaka ya 1890, ilienezwa Tanganyika na askari na wapagazi. Terence Ranger, aliyekuwa profesa wa kwanza wa historia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliiandikia kitabu mwaka 1975. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na vyeo vya kifalme na kijeshi, na wanachama walishindana kwa unadhifu wa makoti, kofia na fimbo. Maofisa wa Kiingereza walihofu kwamba ni jeshi la siri, na wamisionari waliona ni upuuzi wenye gharama. Pande zote mbili hazikuona jambo rahisi zaidi: vijana waliobebeshwa mizigo ya vita ya watu wengine walijivika vyeo wenyewe, kwa fedha zao.

Ranger huyo huyo ndiye aliyechunguza jando la Kikristo la Masasi. William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, hakulipiga marufuku jando kama wenzake wa kwingine. Alilitia sala na uangalizi wa makasisi, na kwa wasichana kukawa na malango. Mijadala iliyofuata ilihusu tohara, nyimbo na mafundisho. Nguo zilibaki pembeni, ingawa ndizo zinazoonekana zaidi. Mwali huingia kumbini akivuliwa ya utotoni, na siku ya kutoka huogeshwa, hunyolewa, hupewa jina jipya na kuvikwa nguo mpya. Siku hizi familia yenye uwezo humvika suti ndogo, miwani myeusi na viatu vinavyong'aa, na shamrashamra za kumpokea hupigwa picha za simu. Suti hiyo ya mtoto wa miaka minane inastahili tasnifu nzima. Nani anainunua, mjomba au baba? Jibu si dogo, kwa sababu Wamakonde, Wamakua na Wayao wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa jadi mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto. Kila mara baba anapomtangulia mjomba kwenye duka la nguo, kuna jambo limehama katika ukoo.

Hapo ndipo utafiti wa jinsia unapowabana walioutoa vitabuni tu. Uanaume wa mahali ambapo bwana harusi alihamia kwa wakwe na kulima huko haufanani na uanaume wa Connell, wala na wa mji wa Dar es Salaam. Alivaaje mtu aliyetakiwa kuonyesha adabu kwa mama mkwe wake kila siku? Wazee wa Newala wanaweza kulijibu hilo wakiulizwa.

Cherehani nayo ina kisa. Kwa muda mrefu aliyeketi barazani mwa duka la Mhindi, mguu ukikanyaga Singer na baadaye Butterfly, alikuwa mwanamume. Fundi cherehani alikuwa baba mwenye familia. Shuleni, hata hivyo, kushona kulifundishwa wasichana katika sayansikimu, kama maandalizi ya kutunza nyumba. Ushonaji ule ule uliitwa kazi ulipolipwa na malezi ulipokuwa bure. Leo vyuo vya VETA vinafundisha ubunifu na ushonaji kwa jinsia zote, na wasichana ni wengi darasani. Lakini suti ya kiume bado hupelekwa kwa fundi mwanamume, kwa madai kwamba mwanamke hawezi kumpima mteja paja bila maneno. Ni kizuizi cha ajabu: futi ya kupimia imewafungia mafundi wa kike sehemu yenye fedha nzuri zaidi.

Serikali haikuwa nje ya haya. Oktoba 1968 umoja wa vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1969, ikipiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Andrew Ivaska ameiandika vizuri katika Cultured States (2011). Mjadala uliobaki kichwani mwa watu ni wa sketi, wala si bahati mbaya, kwa sababu wasichana ndio waliosumbuliwa zaidi barabarani. Hata hivyo suruali ilikuwa kwenye orodha, na miaka michache baadaye suruali pana za bugaluu na viatu vya raizoni viliingia kana kwamba hakuna aliyetangaza chochote. Viongozi wenyewe walivaa suti za Chou En Lai, jina lililotokana na waziri mkuu wa China aliyeitembelea Tanzania mwaka 1965, na za Kaunda. Koti lisilohitaji tai lilikuwa siasa iliyoshonwa. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso wilayani Masasi mwaka 1938 na kuwa rais mwaka 1995, alipita katika zama zote mbili, za suti za ujamaa na za suti za tai za soko huria. Picha zake za miongo minne zingetosha kufundishia muhula mzima.

Soko huria ndilo lililofungua milango ya mitumba katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuziondolea nafuu za ushuru za AGOA, nyingi zikarudi nyuma. Rwanda iliyoshikilia ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Kwa fundi wa Masasi mjini siasa hizo zina sura moja: koti la mtumba lililokatwa kwa ajili ya Mzungu mwenye bega pana, linaloletwa lipunguzwe. Kazi ya kupunguza ni ubunifu, japo hakuna anayeita hivyo. Hufunguliwa mshono wa mgongo, bitana hukatwa, mkono hupandishwa, na vazi la kiume la kigeni huzaliwa upya kwa mwili mwingine. Msimu wa korosho ukifika, fedha zinapoanza kutoka vyama vya ushirika, mafundi hukesha. Msimu ukiharibika, kama ule wa 2018 ambapo Rais Magufuli aliagiza jeshi linunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wengi yakachelewa, nguo za sikukuu nazo hungoja.

Kijana wa Newala anayetaka kufanya haya kuwa ajira ya kitaaluma hana njia moja iliyonyooka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya usanifu na teknolojia ya nguo upande wa uhandisi, na taasisi ya masomo ya jinsia upande mwingine. Kuziunganisha ni juhudi yake mwenyewe. Kenyatta, nchini Kenya, kuna idara ya ubunifu na masoko ya mitindo. Makerere kuna mfano wa kuigwa: Venny Nakazibwe, msanii na mhadhiri, aliandika tasnifu ya uzamivu juu ya nguo za magome za Baganda, akionyesha kwamba kitu cha kijijini kinaweza kusimama mbele ya jopo la Ulaya bila kuomba radhi. Njia za kazi nazo si ghali. Sophie Woodward wa Uingereza aliwaomba wanawake wafungue makabati yao na kueleza kila nguo, akaandika kitabu mwaka 2007. Ben Barry alitumia mbinu hiyo kwa wanaume wa Kanada, naye baadaye akawa mkuu wa skuli ya mitindo ya Parsons, New York. Masasi kabati linaweza kuwa sanduku la bati au kamba ya kuning'iniza. Maswali hayabadiliki: hili la nani, lilinunuliwa na nani, nani hulifua, lilivaliwa mara ya mwisho lini, na kwa nini bado lipo.

Vyanzo havikosekani. Mafundi wa siku nyingi wana madaftari ya vipimo yenye kifua, kiuno, paja, goti na upana wa chini, na kutoka hapo mtu anaweza kusoma suruali ilivyopanuka wakati wa bugaluu na ilivyosinyaa wakati wa modo. Vitu alivyokusanya Weule viko Leipzig katika jumba la Grassi. Tamasha la MaKuYa la Mtwara limewaleta wachezaji wa Kimakonde, Wamakua na Wayao wakiwa katika mavazi kamili ya ngoma.

Lililo gumu ni mlango wa kumbi. Weule aliingia hata kwenye unyago wa wanawake kwa sababu nyuma yake kulikuwa na askari na serikali, wala hakuomba ruhusa ya maana. Mtafiti wa leo hana budi kuomba, na huenda akakataliwa. Mwanamke anayesomea nguo za kiume ataketi na mafundi, atafua na kina mama, atawahoji wauza mitumba, lakini kule wavulana wanakovuliwa na kuvikwa hatafika, na kilichomo ndani ya vazi la kinyago ataelezwa nusu. Mwanamume aliyepita jandoni atafika, ila amefungwa na kiapo cha kutosema. Pengine kazi hii itafanywa na wawili, mmoja wa kila upande, wakikubaliana mapema ni yapi yataandikwa na ni yapi yatabaki Newala.